Paipu Inayopita kwa Nanyama

Haya niliambiwa na Nanyama mwenyewe, mwezi wa nane mwaka huu, siku mbili tulizokaa kwangu tukipukuchua mahindi. Mume wake Wakhungu alikuwa hapo hapo nje akinitengenezea mlango wa choo. Alisikia kila neno na hakukataa hata moja.

Ilikuwa Jumanne. Nanyama alirudi kutoka kwenye kioski cha maji jua bado halijapata nguvu, mtungi mmoja kichwani na mwingine mkononi. Mwenye kioski alikuwa amepandisha bei tena. Ameandika ile mpya kwa chaki juu ya ile ya zamani bila kuifuta vizuri. Kwa bei ya jana Nanyama angepata mitungi mitatu. Kwa bei ya leo akapata miwili, na nguo za watu zilikuwa zimemngoja kwenye beseni tangu Jumapili, maana yeye hufulia watu nguo pale Nyamasaria. Kazi yake ni maji.

Alipoingia kwenye ploti akaona mlango wa jirani yake Lornah uko wazi. Ndani, Wakhungu ameinama anafunika kitanda cha Lornah kwa nailoni. Anafunika polepole, anachomeka pembe chini ya godoro ili vumbi lisipate njia. Akamaliza kitanda, akachukua shuka akafunika televisheni.

"Oyaore, Mama Shantel," Lornah akamwamkia kutoka mlangoni. Alikuwa na dera jipya la kijani, na kikombe cha chai mkononi. "Leo tutakula vumbi."

"Tutakula," Nanyama akasema, akapita.

Chai ile ilikuwa ya kumpa Wakhungu. Alikiona kikombe kikipokelewa. Chai ya maziwa, na mandazi mawili juu ya kisahani. Kwao nyumbani Wakhungu hunywa chai ya rangi akiwa amesimama.

Vyumba vya ploti ile viko sita kwa mstari mmoja, vya mawe, mabati juu. Cha kwanza kutoka barabarani ni cha Nanyama, cha pili ni cha Lornah. Mita ya maji iko barabarani. Mwenye ploti alikataza paipu ipite mbele, kwa sababu amemwaga simiti mpya ya veranda na hataki ikatwe. Nyuma kuna ukuta wa watu wengine. Kwa hivyo paipu ya Lornah ilibidi iingie chumbani kwa Nanyama kutoka nje, itembee ukutani juu ya kitanda chake, kisha itoboe ukuta wa katikati itokee kwa Lornah. Na fundi aliyepewa kazi ya kutoboa ni mume wake Nanyama.

Tundu la nje alilitoboa Jumatatu. La katikati lilikuwa la siku hiyo.

Sasa mtu asifikiri Nanyama alikuwa amekaa tu. Yeye ndiye aliyepeleka fomu ya maji kwanza, mwaka juzi. Kule ofisini walimwambia alete barua ya mwenye ploti. Mwenye ploti akamwambia aongee na Odongo, msimamizi wake. Odongo akamwambia aongee na ofisi. Alizunguka hivyo mpaka viatu vikaisha, na fomu ikabaki kwenye droo ya mtu. Lornah yeye anapikia watu fulani wakubwa kule Milimani, nyumba yenye geti mbili. Mama wa nyumba ile alipiga simu mara moja. Wiki ya tatu mita ikaja.

Wakhungu aliporudi chumbani kuchukua tindo na nyundo, Nanyama alikuwa anamngoja. Akafungua fundo la leso yake, akatoa kipande cha paipu chenye midomo mitatu, kile mafundi wanakiita tii. Kipya, bado kina bei yake kwa karatasi.

"Baba Shantel, si inapita hapa juu ya kitanda changu? Weka hii tu. Mdomo mmoja uangalie kwangu."

Wakhungu akakitazama. "Umetoa wapi?"

"Dukani. Ni kwa pesa ya nguo za watu. Sijakuomba kitu."

"Na Wechuli?" Wechuli ni kijana wa ofisi ya maji, ndiye anayekagua. "Anakuja saa kumi. Akipata tii hapa ataita laini ya wizi. Jina langu litoke kwa orodha yake ya mafundi, nani atanipa kazi? Tutakula mfereji?"

"Tutafua. Nitafulia hata nyumba tatu kwa siku."

"Nanyama, wacha."

"Kwa Lornah hukusema wacha."

"Lornah ana karatasi."

"Na mimi niliandika yangu mwaka juzi kwa mkono wangu."

Wakhungu akaichukua ile tii mkononi mwake. Akaiweka juu ya kigoda, akachukua tindo, akatoka. Baadaye kidogo Nanyama akasikia kicheko cha Lornah ukutani. Hakusikia kilichochekesha.

Fundi mzuri hatoboi ukuta wa mawe kutoka upande mmoja mpaka wa pili. Tindo ikitokea upande ule inang'oa plasta kipande kama sinia. Anachimba nusu huku, anazunguka anachimba nusu kule, vikutane katikati. Wakhungu ndivyo anavyofanya, na anapima kutoka sakafuni. Kule Milimani anakojenga, sakafu imemwagwa siku moja nyumba nzima, kwa hivyo futi tano upande huu ni futi tano upande ule. Alipima futi tano kwa Lornah, akaweka alama ya penseli. Akaja kwake akapima futi tano, akaweka alama ya penseli.

Lakini sakafu ya Nanyama si sawa na sakafu ya Lornah.

Mwaka ule mto ulipotoka kwenye njia yake ukaingia kwenye vyumba, Wakhungu alikuwa Luanda Kotieno, wanajenga stoo ya samaki. Alikaa huko miezi mitatu. Lornah alikimbilia kwa tajiri wake akalala huko mpaka matope yakakauka. Nanyama hakuwa na pa kukimbilia. Aliomba udongo wa moramu kwa watu wa barabara, akaibeba kwa karai, karai moja baada ya nyingine, akaishindilia kwa gogo, akatafuta mtu akamwaga simiti juu. Inchi nane. Wakhungu aliporudi alitazama chini akasema, "Hapa pamekuwa pazuri," akavua viatu. Hakuuliza ni nani aliyebeba. Na kwa sababu kila mlango pale una kizingiti kirefu cha kuzuia mafuriko, mtu anapanda na kushuka akiingia popote, na mguu hausomi kwamba kwa Lornah unashuka zaidi.

Nanyama alijua. Aliniambia bila kuzunguka: "Nilijua, mama. Niliona ile alama ya penseli nikajua haitakutana. Nikaketi nikafua."

Nyundo ilianza kwa Lornah. Ko, ko, ko, taratibu, na katikati ya mapigo sauti ya Lornah: "Baba Shantel pumzika. Baba Shantel hiyo mawe ni ngumu ee? Baba Shantel ongeza chai." Nanyama alikuwa nje kwenye beseni, anasugua kola ya shati la mwalimu fulani mpaka ikakaribia kutoka nyuzi. Kila akisikia nyundo imenyamaza alikuwa anahesabu moyoni mpaka ianze tena.

Saa sita Wakhungu alihamia chumbani kwake. Hapo hakufunika kitu. Vumbi jeupe likakaa juu ya kitanda, juu ya sufuria, juu ya vitabu vya Shantel, likaingia kwenye debe la unga lililokuwa limefunikwa nusu. Alipiga harakaharaka, maana mawingu yalikuwa yanakusanyika upande wa ziwa. Alichimba mpaka pale ambapo matundu yangekutana. Hayakukutana. Akasukuma tindo ndefu. Jiwe. Akapiga tena kwa nguvu zote.

Upande wa pili Lornah akapiga kelele. "Uwi! Baba Shantel! Imetokea kwa kalenda!"

Tindo ilikuwa imetoboa kalenda ya kanisa, plasta imeanguka pamoja nayo, na lile tundu la asubuhi liko chini yake, linatazama tu. Wakhungu alizunguka akaingia kwa Lornah. Akasimama mbele ya matundu mawili, nyundo inaning'inia mkononi. Nanyama aliacha beseni akaingia chumbani kwake, na kupitia lile la juu akaona jicho la mumewe, na nyuma yake taa ya Lornah, jiko la gesi, kabati la vioo lenye vikombe vimepangwa kwa rangi, pazia la lesi. Alikuwa amewaza mara nyingi chumba kile kikoje upande usioonekana kutoka mlangoni, akijipa moyo kwamba pengine si kizuri hivyo. Kilikuwa kizuri kuliko alivyowaza.

"Nimepimaje?" Wakhungu alikuwa anajiuliza. "Nimepimaje mimi?"

Kabla hajapata wa kumjibu, pikipiki ilisimama barabarani. Wechuli hakungoja saa kumi, aliona mvua. Alikuwa na lile koti la kumeta na buti, na Odongo msimamizi alikuwa anakuja nyuma yake akivuta suruali juu.

Wechuli aliingia kwa Lornah, akatazama ukuta, akatoka, akaingia kwa Nanyama bila kubisha, Wakhungu na Odongo nyuma yake, akatazama ukuta.

"Mzee Wakhungu. Tundu mbili?"

"Moja imekosea."

"Wewe ni fundi wa miaka mingapi?"

"Kumi na saba."

"Miaka kumi na saba, na umekosea." Wechuli akacheka kidogo, akamgeukia Odongo. "Unaona hii mchezo? Moja ya mwenye mita, ingine ya wizi. Nimeona hii kila mahali." Kisha macho yake yakatua kwenye kigoda. Akaiokota ile tii, akaigeuza, akasoma bei. "Na hii ni ya nini? Imekosea pia?"

Nanyama aliniambia kwamba uso wa mumewe ulikuwa na vumbi jeupe lote isipokuwa pale jasho lilipopita. Hapo ndipo alipoona amefanya nini. Alitaka mumewe aaibike mbele ya Lornah kidogo. Hakutaka akose kazi.

"Ni sakafu," akasema.

"Nini?"

"Sakafu yangu iko juu. Niliinua mimi mwenyewe wakati wa mafuriko. Inchi nane. Yeye amepima kutoka chini huku, akapima kutoka chini kule. Haiwezi kukutana." Akachukua ufagio, akausimamisha ukutani, akashika pale penye tundu. "Twende kwa Lornah nikuonyeshe na huu ufagio."

"Mama, mimi sipimi na ufagio."

"Basi pima na tepu yako."

Wechuli hakutoa tepu. Aliyesogea ni Odongo. Alipiga sakafu kwa kisigino mara mbili, kama anayegonga mlango.

"Uliinua sakafu ya mwenye ploti? Ruhusa alikupa nani?"

"Maji yalikuwa hapa." Nanyama akaonyesha kiunoni. "Nilipokupigia simu ulisema uko matanga."

"Lazima nimwambie mwenye ploti. Chumba kimeboreshwa, si kodi pia inaboreshwa?"

"Hayo ni yenu," Wechuli akasema. "Mimi sakafu hainihusu. Niambieni hii tii." Akatoa simu. "Mzee, nakufuta kwa orodha. Na hii laini yote inasimama mpaka wakubwa wakae kikao."

Wakhungu akasema, "Kijana wangu, tafadhali." Mtu wa miaka hamsini na mbili.

Lornah alikuwa amesimama mlangoni kwa Nanyama tangu mwanzo, mikono kifuani. Sasa akaingia, dera la kijani linafagia vumbi.

"Wewe Wechuli, tii ni yangu."

"Yako?"

"Nataka mfereji wa pili, ya kuoshea vyombo. Nilimtuma Baba Shantel aninunulie. Kuna sheria inasema nisiwe na mfereji mbili kwa mita yangu?" Akaipokea ile tii kutoka mkononi mwake, taratibu, kama mtu anayechukua mtoto wake. "Kama kuna shida nimpigie madam sasa hivi, muongee na yeye. Yuko nyumbani."

Wechuli akatazama simu ya Lornah, kisha yake. Akairudisha mfukoni.

"Sijasema kuna shida. Nimeuliza tu." Kwa Wakhungu akasema, "Ziba hiyo ya juu. Na ukae mwezi moja kwanza, nitakuita. Watu wasiseme napendelea." Akatoka, pikipiki ikalia, na Odongo akamfuata akiwa tayari ameweka simu sikioni.

Wakabaki watatu. Mvua ilianza kugonga mabati moja moja.

"Asante, Lornah," Wakhungu akasema. "Umeniokoa."

"Ah, omera, ndugu yangu, ni maneno tu. Si ni jirani?" Akamgeukia Nanyama. "Mama Shantel, pole. Hii kitu yako nitakurudishia ulichonunulia."

Nanyama alitaka kusema asante. Neno lilikuwa hapo hapo mdomoni. Yeye alisema ukweli wote, na ufagio juu, haukusaidia kitu. Lornah alisema uongo mmoja, mume akapona. Hata hiyo nafasi ya kumwokoa mume wake alikuwa nayo Lornah.

"Wacha," akasema. "Kaa nayo."

Wakhungu alifanya kazi mpaka jioni. Alitoboa lile tundu la chini likatokea kwa Nanyama, akateremsha paipu ukutani ilingane nalo, akaziba la juu kwa vipande vya mawe na simiti. Kisha akaenda kwa Lornah akafunga mfereji, na baada ya mfereji akafunga ile tii, na mfereji wa pili. Nanyama alisikia maji yakianza kutoka. Mwanzo yalikohoa, kisha yakamwagika, na Lornah akapiga kigelegele akiwa peke yake.

Hakukawia akabisha. "Mama Shantel, lete mitungi. Leo ni bure kabisa. Kesho tutasikizana, si kama ya kioski."

Nanyama alichukua mitungi yake miwili. Akapita mbele ya mlango wa Lornah, mvua inanyesha, akaenda mpaka kioski, akanunua kwa ile bei ya chaki. Mtoto wake Shantel, aliyekuwa amerudi kutoka shule, alimwuliza kwa nini amelowa hivi na maji yako hapo. Akamwambia, "Kula."

Nguo za watu hazikuwa zimekauka hata moja. Nje haziwezi kuanikwa. Nanyama akatazama paipu, mpya, nyeusi, inapita ukuta mzima kutoka huku mpaka huku. Akaleta beseni. Akaanika shati la mwalimu. Akaanika shuka mbili za watu wa duka la dawa, akaanika suruali, akaanika sare ya Shantel, mpaka paipu haikuonekana tena.

"Itapinda," Wakhungu akasema kutoka kitandani.

"Ipinde."

Shantel alikuwa ameshalala kwenye mkeka wake, chini ya maji ya shuka yanayodondoka.

"Ulijua?" Wakhungu akauliza.

"Nilijua."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu penseli."

"Na ukanyamaza. Mwezi mzima sina kazi, Nanyama."

"Kule ulifunika kitanda," akasema. "Ulichomeka mpaka pembe. Hapa umeniwekea vumbi hadi kwenye unga."

"Kule ni kazi."

"Na hapa ni nini?"

Wakhungu akageukia ukuta, na pumzi zake zikawa nzito.

Nanyama alizima taa akalala chali. Lornah alikuwa anajaza mapipa yake. Maji yalipita karibu na kichwa cha Nanyama, ndani ya chumba chake, yakienda, na shati la mwalimu likawa linatetemeka kidogo kidogo. Yalipita muda mrefu. Kisha mfereji mmoja ukafungwa, na wa pili ukafungwa, na kitanda cha Lornah kikalia mara moja. Ukuta ukanyamaza. Ndipo na yeye akalala.